Kesho Tunakwenda Kutazama Friji

Ndivyo tulivyomwambia mama yake Otari:
treni ya alfajiri, Kutaisi hadi Tbilisi,
duka kubwa, bei nafuu, tutarudi usiku.
Mama Eteri akaendelea kubangua jozi.
Akasema hii ya zamani bado inagandisha.

Sasa amelala. Redio yake imelala naye.
Sisi tuko jikoni, mlango tumeusindika,
taa moja, kalamu moja,
na karatasi ya kliniki yenye visanduku vidogo,
kana kwamba majibu yetu yana kimo cha sisimizi.

Jina: Tsisana. Umri. Uzito. Kazi: posta.
Hayo niliyajaza upesi, kwa mwandiko wa shule.
*Mmekuwa mkijaribu tangu lini?*
Kujaribu.
Viatu hujaribiwa. Ufunguo hujaribiwa.
Miaka mitatu na miezi miwili, nikaandika,
nikaifuta ile miezi miwili,
kisha nikairudisha.

Nikashusha kalenda ya benki ukutani.
Kila mwezi una nukta yangu ya penseli.
Mama Eteri hudhani ni siku za kusoma mita ya gesi,
na mara mbili amenisifu mbele ya majirani.

Otari hutengeneza lifti.
Kila lifti, husema, ina daftari lake la hitilafu:
ilikwama ghorofa ya ngapi, saa ngapi, nani alikuwa ndani.
Fundi asiyeandika hurudi kesho kwa kosa lilelile.
Basi tukaandika.
Siku ishirini na sita. Thelathini na moja. Ishirini na nane.
Chai ya mizizi ya shangazi Lamara, vikombe viwili kwa siku.
Mshumaa niliouwasha Gelati
nikauacha. Daktari hana kisanduku cha mishumaa.

Oktoba kuna duara, si nukta.
Siku kumi na moja nilitembea
kama mtu aliyebeba bakuli lililojaa hadi ukingoni.
Siku ya kumi na mbili lilimwagika kazini,
nikiwa nimeshika mhuri, watu kwenye foleni.
*Je, umewahi kushika mimba?*
Kuna Ndiyo, kuna Hapana.
Hakuna nafasi ya siku kumi na moja.
Otari akaweka kidole chini ya Ndiyo,
hakukiondoa mpaka nilipotia alama.

Kisha akachukua kalamu. Sehemu ya mume.
Aliandika polepole, neno refu kuliko kisanduku,
likavuka mstari, likapanda pembezoni mwa karatasi:
matumbwitumbwi.
Miaka kumi na tisa, kambini, homa siku tisa.
"Na si mashavu tu yaliyovimba," akasema,
akiiambia kalamu.

Nilitaka kucheka. Neno lenyewe la kitoto,
la watoto waliofungwa shali chini ya kidevu.
Kisha nikahesabu.
Miaka mitatu ya chai chungu. Pasaka tatu,
shangazi zake wakinitazama tumboni kabla ya usoni.
"Nani mwingine anajua?"
Akautazama mlango tuliousindika.

Nilikunja karatasi mara nne,
nikaikunjua, maana walisema isikunjwe.
Tukalala kama vijiko vya seti mbili tofauti
vilivyotupwa droo moja.

Alfajiri, theluji imegeuka tope,
Mama Eteri alikuwa ameamka kabla yetu.
Mkate, jibini, mayai manne,
chumvi ndani ya kipande cha gazeti.
Alinifunga skafu mwenyewe, akaikaza mno,
akailegeza.
"Mkishaiona hiyo friji," akasema,
bila kumtazama mwanawe,
"mwambieni kila kitu."

Mwambieni, alisema.
Hakusema iambieni.

Otari akainama kufunga kamba za viatu
ambavyo tayari vilikuwa vimefungwa.